Filamu ya eksirei kwenye kamera kubwa ya mbao: niliyojifunza mwaka mzima, karibuni tujadili

FundiMbao_Moshi (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Walioridhika na picha za simu wapite tu, sina ugomvi nao. Wenye ugonjwa wa kamera kubwa, zile za kujifunika shuka jeusi kichwani na kupiga picha moja kwa kipande kimoja cha filamu, vuteni viti.

Kamera yangu nimeichonga mwenyewe kwa plaiwudi. Ni maboksi mawili, dogo linateleza ndani ya kubwa. Nyuma kuna kioo nilichokisugua kwa dawa ya kusagia valvu niliyoomba kwa mafundi magari, mpaka kikawa na ukungu. Mbele kuna lenzi ya Schneider ya milimita 150, f/5.6, aliyoniletea shemeji kutoka Ujerumani ikiwa imevalishwa soksi. Inatumia filamu ya inchi 4 kwa 5.

Kamera ilikamilika, filamu ndiyo ikanishinda. Boksi la HP5, filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, la inchi 8 kwa 10 (kila moja unaikata vipande vinne vya 4 kwa 5), filamu 25 tu, linazidi dola 100 huko linakouzwa. Bado usafiri, bado ushuru, bado wasiwasi kwamba njiani litapitishwa kwenye mashine za ukaguzi na kuungua kabla sijaligusa. Nikakaa miezi miwili naangalia kioo cha ukungu bila kupiga chochote. Halafu kliniki moja ilihamia mashine za kompyuta ikawa inaondoa vitu vya zamani, nikapata boksi la filamu za eksirei za sentimita 24 kwa 30, filamu 100. Kila moja natoa vipande vinne, kwa hiyo boksi lile ni picha 400. Nililipa hela ya kawaida kabisa.

Swali ninaloulizwa kila siku: filamu ya eksirei inawezaje kupiga picha kwa mwanga wa jua? Iko hivi. Ukiifungua ile kaseti ya hospitalini, ndani utakuta karatasi mbili ngumu nyeupe, moja kila upande. Mionzi ikizipiga zinang'aa, nyingine kijani, nyingine bluu, na sehemu kubwa sana ya picha ya mfupa wako imechorwa na mng'ao huo, si na mionzi yenyewe. Kwa hiyo filamu imetengenezwa kuona mwanga wa kijani au bluu. Ukiiweka kwenye kamera inaona kijani na bluu vilevile. Haina mionzi ndani yake, jirani aliyehamisha watoto wake anaweza kuwarudisha.

Nyekundu haiioni kabisa, na hapo ndipo raha na balaa vyote vinapoanzia.

Raha ni kwamba unakata, unapakia na kusafisha chini ya taa nyekundu huku unaona unachofanya. Unaiona picha inavyojitokeza kwenye beseni, ukiona imetosha unaitoa. Aliyewahi kupakia filamu gizani totoro anajua nasema nini.

Balaa nilikutana nalo kwenye picha ya kwanza kabisa. Nilitoka asubuhi na mapema, mlima umefunguka, Kibo nyeupe pe juu ya anga la bluu. Nikapiga. Kwenye negativu mlima umekatika: miteremko ipo, kilele hakipo. Theluji nyeupe, na anga la bluu nalo kwa filamu hii ni jeupe, vimemezana. Barabara ya udongo mwekundu mbele yangu ikatoka nyeusi tii kama lami mpya. Migomba pekee ndiyo ilitoka vizuri.

Wiki iliyofuata nikampiga mama, amekaa mlangoni na kanga nyekundu yenye jina kwa herufi nyeusi. Nikapima mwanga kama kawaida. Alipoiona picha alikaa kimya kidogo, akauliza, "Huyu ni mimi au ni bibi yako?" Uso ulikuwa umeingia giza, kila mkunjo umeongezewa mkunjo, na kanga imekuwa shuka jeusi. Jina lote limepotea. Mama hakuwa na shida na uso. Shida ilikuwa jina. "Mtu anavaa jina lionekane, wewe umelifuta."

Ngozi yetu inarudisha mwanga mwekundu zaidi kuliko bluu, na filamu hii imeufumbia macho huo mwekundu. Hata Mzungu inamtoa kama amekaa juani mwezi mzima. Sasa nafanya hivi: naweka kipima mwanga ISO 80, nampeleka mtu kivulini mahali penye anga wazi mbele yake (mwanga wa hapo una bluu nyingi), halafu namwongezea stopu mbili, yaani mwanga mara nne. Kipima kikisema 1/30 kwa f/8, nampa 1/8. Kisha napunguza muda wa kusafisha ili vyeupe visiungue. Dawa ya kusafishia ni Rodinal, 1 kwa 100, nyuzi 20, dakika sita hivi, natikisa polepole.

Dawa ya kusafishia ya hospitali sikuitumia, haifai, inatoa nyeusi na nyeupe tupu bila kitu katikati.

Mengine nitajibu chini. Karibuni.

Nyakato99

Nimeweka kambi. Ila mkuu mbona mimi ya kwangu haikutoa kitu? Nilinunua boksi hapa Mwanza, limeandikwa kabisa ni filamu ya picha za hospitali. Nimepiga picha nne, nimeweka kwenye dawa dakika kumi, hakuna kitu. Nikaongeza dawa, hakuna kitu. Kipande kimekaa vilevile kama kilivyotoka kwenye boksi, kimelowa tu.

Mbagala_Kwetu

Huyo dawa yake imekufa.

FundiMbao_Moshi

Nyakato99 boksi lina neno DRY mahali popote?

Nyakato99

Lipo. Kubwa kabisa. Nilidhani ni maelekezo ya kutunza, kwamba nisiiweke penye unyevu 😭

Mzee wa Kaseti

Pole sana kijana. Hiyo ni filamu ya printa. Hospitali zenye mashine za kompyuta zinachapa picha kwenye hizo, na picha inatokea kwa joto, hakuna dawa ya maji. Nyingine unaifungua mchana kweupe wala haijali. Ungeichemsha mpaka kesho isingetoa kitu. Ukienda kununua, uliza filamu za "kusafishwa kwa maji", za kaseti. Muuzaji akikufungulia boksi mbele yako juani ili uone kwamba ni nzima, ondoka. Ama ni ya printa, ama alikuwa na filamu nzuri sasa hivi na hana tena.

Mleta uzi, nimekusoma vizuri. Nina mawili matatu ya kukurekebisha.

FundiMbao_Moshi

Shikamoo mzee wangu. Tupe darasa.

Mzee wa Kaseti

Marahaba. Nimekaa chumba cha giza cha eksirei miaka 27 kabla hawajaniletea kompyuta, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Kwanza hiyo dawa ya hospitali. Umesema haifai. Haifai ukiitumia kama sisi tulivyoitumia. Imetengenezwa kwa nguvu ya kuonyesha ufa kwenye mfupa, daktari anataka nyeusi na nyeupe. Kwenye tangi la mkono ilikuwa nyuzi 20, dakika tano, basi. Wewe ichukue ile iliyokwisha changanywa tayari kwa kazi, iongeze maji mara nne au tano, punguza muda, jaribu na vipande vya kukata. Utashangaa. Na inapatikana mahali ambapo hiyo Rodinal yako hawajawahi kuisikia.

Pili, mikwaruzo. Hujaigusia na najua unayo. Filamu za kaseti zina utando wa dawa pande zote mbili, kwa sababu ya zile karatasi mbili zinazong'aa: kila upande unapokea wa kwake, na mgonjwa anapigwa mionzi kidogo. Utando wenyewe ni laini, ukilowa unakuwa kama ugali wa jana uliolala kwenye maji. Kwenye beseni upande wa chini unasugua sakafu, na wewe unafurahia upande wa juu. Sisi hatukutumia beseni. Tulikuwa na fremu za chuma cha pua zenye vibanio pembe nne, filamu inaning'inia wima ndani ya tangi, haigusi kitu. Hizo fremu zimejaa stoo za hospitali na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tafuta.

Tatu, taa. Usiamini balbu kwa sababu ni nyekundu machoni pako. Zima kila kitu, weka kipande cha filamu mezani, juu yake weka sarafu, washa taa yako dakika tano. Kisafishe. Ukiona duara la sarafu, taa yako inadanganya. Filamu ya kijani inataka nyekundu iliyokolea, na ile ya rangi ya chungwa iliyokuwa inatosha kwa filamu za bluu itakuharibia.

Nne, boksi lisimame kama kitabu kwenye rafu. Usililaze, usilipangie mengine juu, uzito unaacha alama. Na usichomoe filamu kwa pupa siku ya hewa kavu. Inatoa cheche za umeme, utaziona kwenye picha kama vijitawi vya mti au radi ndogo. Mara moja daktari mgeni aliniuliza mgonjwa amemeza nini.

Mbagala_Kwetu

Mzee hapo kwenye ugali umenigusa. Mimi Dar, maji ya bomba saa saba mchana ni nyuzi 29. Utando unachubuka wenyewe. Nilishika kipande kwa kidole nikaacha ramani ya kidole.

Mzee wa Kaseti

Nyuzi 29 dawa inakimbia. Muda wako ukate zaidi ya nusu, na huo ni ufupi ambao mkono hauwezi kuumudu vizuri. Gandisha maji kwenye chupa za plastiki, tumbukiza chupa nzima kwenye beseni la nje, beseni la dawa likae ndani ya hilo. Usitie barafu kwenye dawa. Na maji ya kuoshea yawe baridi vilevile, utando ukitoka baridi ukaingia moto unakunjamana.

Mbagala_Kwetu

Ninavyofanya sasa: naweka kipande kimoja ndani ya mfuko wa plastiki wa zipu, namimina dawa, nafunga, nabembeleza mfuko kwa nje kama namlaza mtoto. Filamu haikwaruzi chini kwa sababu hakuna chini. Mfuko nao unaelea kwenye maji ya baridi. Dawa inatumika kidogo sana.

FundiMbao_Moshi

Aisee, hii ya mfuko ni dhahabu. Mimi niliweka kipande cha kioo chini ya beseni, kioo kinateleza kuliko plastiki, na nasafisha kimoja kimoja na kucha nimekata. Mikwaruzo imepungua lakini ipo.

Mzee, nimekubali kuhusu dawa. Nilihukumu bila kujaribu.

Hodari_Hamburg

Salaam kutoka Hamburg. Mleta uzi, umeacha jambo moja kubwa. Utando pande mbili maana yake una picha mbili, moja mbele na moja nyuma, katikati kuna plastiki ya karibu milimita 0.18. Ukikuza inaonekana, ncha zinakuwa laini. Zaidi ya hapo, filamu hizi hazina ile rangi ya nyuma inayomeza mwanga uliozidi, kwa hiyo taa au dirisha linang'aa na kuzungukwa na ukungu.

Dawa yake ni kufuta utando mmoja. Negativu ikishakauka kabisa, ibandike juu ya kioo kwa utepe kuzunguka kingo zote, upande unaoutaka uwe chini. Juu pitisha Jiki kwa brashi ya sponji. Utando unayeyuka kama jeli, unausuuza, unatoa utepe. Lazima upige na kusafisha ukijua kwamba nusu ya giza lote la negativu itaondoka na upande ule, kwa hiyo iwe nzito kuliko kawaida.

Au tafuta filamu za utando mmoja: zile za matiti, au Kodak Ektascan B/RA ukiipata.

Mzee wa Kaseti

Jiki sawa, lakini dirisha liwe wazi na chupa isikae karibu na fiksa (ile dawa ya kuimarisha picha) wala siki. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Hiyo haina utani.

FundiMbao_Moshi

Hodari nimejaribu mara tatu. Mara mbili Jiki ilipenya chini ya utepe ikanilia pembe, mara moja ikanilia kichwa cha mjomba. Mjomba hakuonekana kuumia ila picha hiyo haina maelezo kwa familia.

Na kusema kweli sioni haja. Nachapa kwa kulaza negativu juu ya karatasi ya picha, kioo juu, napiga mwanga. Picha inatoka ukubwa uleule wa negativu. Hapo huo ulaini wa ncha siuoni hata kwa miwani ya mama. Anayetaka kukuza mpaka ukuta mzima, afute.

Hodari_Hamburg

Sikubaliani. Weka jua nyuma ya mti halafu uje uniambie huuoni.

FundiMbao_Moshi

Jua nyuma ya mti sitaliweka 😂 Nishajua ugonjwa wake, kwa nini nimpeleke penye maradhi?

Juma_Kidijitali

Samahani wakuu, siyo kwa ubaya. Simu yangu ina programu inatoa nyeusi na nyeupe, naondoa nyekundu kwa kidole kimoja. Jiki, barafu, sarafu, fremu za chuma chakavu, yote haya ya nini?

Mbagala_Kwetu

Huyu naye kaingiaje hapa.

FundiMbao_Moshi

Mwacheni, kauliza vizuri. Ndugu yangu, simu inaona nyekundu halafu wewe unaiondoa. Unajua ulichoondoa, unaweza kurudisha. Mimi nikisimama mbele ya mtu najua kuna kitu kwenye uso wake ambacho filamu haitakiona kamwe, na inabidi nitafute njia nyingine ya kukifikia, nimgeuze, nimsogeze mlangoni, nimsubiri wingu. Nusu saa nzima tunaongea. Kama kwako nusu saa hiyo ni hasara, uko sahihi kabisa, tumia simu.

Binti wa Forodhani

Ahsanta kwa uzi. Miye naongezea kitu kimoja tu. Zitazameni picha za Unguja za karne ya 19, za studio ya A. C. Gomes na wenzake. Mbingu nyeupe tupu, majahazi yako juu ya bahari isiyokuwa na mstari wa upeo. Watu husema picha zimepauka kwa uzee. Siyo uzee peke yake. Mabamba ya kioo ya zama zile yaliona bluu, rangi nyingine hayakuziona. Vogel kule Ujerumani ndiye aliyegundua 1873 kwamba ukitia rangi kwenye dawa filamu inaanza kuona kijani. Kwa hiyo hiyo filamu yenu ya kijani iko hatua moja mbele ya bamba la mzee Gomes, na ile ya bluu iko naye barazani.

Basi mtu anayetaka kupiga Mji Mkongwe kama ulivyoonekana zamani, chombo anacho hospitalini.

Na kwenye kisutu mmeshajaribu? Nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nadhani nusu ya nakshi itakwenda.

FundiMbao_Moshi

Dada nimeipenda hii. Kisutu nilijaribu, cha harusi ya dada yangu. Umepatia, nyekundu na nyeusi vimekuwa kitu kimoja, zimebaki nukta nyeupe zinaelea kama nyota. Picha nzuri sana lakini siyo kisutu tena.

Pwani_Kilindini

Hapa Mombasa nimejaribu filta ya manjano mbele ya lenzi, na mawingu yakarudi. Leso ya bluu pia ikaacha kuwa nyeupe. Inakula kama stopu mbili lakini inafaa. Kisha nikajitia ujuzi, nikaweka filta nyekundu ili anga liwe jeusi kama kwenye picha za Wamarekani. Hebu nambieni nilipata nini.

Mzee wa Kaseti

Plastiki safi.

Pwani_Kilindini

Plastiki safi mzee! Vipande sita. Nikalaumu shata, kile kifunguo cha mwanga kwenye lenzi.

Mzee wa Kaseti

Na hiyo ya manjano ni kwa filamu ya kijani tu. Kwenye filamu ya bluu ukiweka manjano umeizibia jicho lake la pekee. Angalia boksi, au uliza kaseti zake zilikuwa na karatasi za rangi gani.

Nyakato99

Nimerudi. Nimepata boksi jingine, 18 kwa 24, limeisha muda miaka minne iliyopita. Nimeuliza kama ni la kaseti, wamesema ndiyo, na hawakulifungua. Nilichukue?

FundiMbao_Moshi

Hapo kila filamu inakupa vipande viwili vya 4x5 na mabaki ya majaribio. Muda kuisha siyo kesi kama lilikaa baridi. Kama lilikaa stoo ya bati, joto limeshalipiga. Waombe filamu moja tu, ikae kwenye mfuko mweusi, isafishe bila kuipiga picha. Ikitoka angavu yenye ubluu, chukua boksi lote. Ubluu ni rangi ya plastiki yake, usishtuke. Ikitoka kijivu kizito, waachie.

Na pembe zake ni za mviringo na hazina zile alama za kupapasa gizani. Usihangaike kutafuta upande wa mbele. Pande zote ni mbele.

Binti wa Forodhani

Mleta uzi, mama vipi? Umemuomba radhi kwa jina la kanga?

FundiMbao_Moshi

Nimeomba, nikapewa masharti. Kanga kachagua mwenyewe baada ya kunihoji rangi moja moja: nyekundu inakuwaje, bluu inakuwaje, kijani je. Nikamjibu zote. Akaingia ndani akatoka na kanga nyeupe yenye jina jekundu. Akasema kama nyekundu inakuwa nyeusi, basi nyekundu juu ya nyeupe itasomeka, kwa nini nilimwacha mara ya kwanza akae na ile nyingine. Sikuwa na jibu.

Tumepiga leo saa mbili asubuhi, ukumbini, uso umeelekea anga. 1/8 kwa f/8. Nilipotaka kumwambia atulie akaniambia yeye alianza kutulia kabla sijazaliwa.

Nimesafisha kwa dawa ya hospitali, maji mara tano, kwenye mfuko wa zipu.

Nyakato99

Leta picha mkuu.

FundiMbao_Moshi

Bado inaning'inia kwenye kamba, inadondosha maji. Sitaigusa mpaka kesho.